Mlango Uliofunguka kwa Nje

"Kesho Mtoto aje kwetu," Pam alisema, na sebule nzima ya Mama Nyangate ikanyamaza hadi mvua ikasikika vizuri juu ya mabati.

Ilikuwa siku ya nane ya noveni ya Noeli, zile sala za siku tisa. Tangu noveni ianze, Mtoto Yesu wa jumuiya yao, sanamu ndogo ya udongo iliyomeguka pua, alikuwa akizungushwa ndani ya kikapu nyumba hadi nyumba katika vilima vya Ekerenyo, leo akilala kwa huyu, kesho kwa yule. Nyumba ya siku ya tisa ndiyo yenye bahati kuliko zote. Hapo Mtoto hulazwa horini alasiri, watu wakasali na kula, kisha wakamsindikiza kwa nyimbo hadi kanisani kwa misa ya mkesha. Miaka mingine nyumba hiyo hugombewa hadi watu wakanuniana. Siku hiyo hakuna aliyegombea. Wanawake walikaza macho kwenye leso zao, na wanaume wakaanza kuzichunguza kofia zao kana kwamba wamezinunua asubuhi hiyo.

Mzee Onyiego, kiongozi wa sala, alikuwa amekipakata kikapu magotini. Alikuwa seremala, na hata kanisani alikwenda na penseli fupi nyuma ya sikio na bisibisi katika mfuko wa koti. Pam alikuwa mkaza mwanawe. Alitoka Kisumu, akaolewa na Cleophas, mtoto wa pekee wa Onyiego, na walikuwa wamerudi kujenga nyumbani mwaka uliopita.

Kila mtu pale sebuleni alijua mambo mawili. La kwanza, Cleophas hakuwa amepiga goti tangu siku mama yake, Mong'ina, alipozikwa. Siku hiyo alisimama kando ya kaburi akasema mbele ya padri kwamba Mungu huyo wa kwao hana masikio, na Onyiego, kwa uchungu, akamjibu mbele ya watu wote, "Asiyemtaka Mungu wa mama yake hana baba hapa." Neno likitoka halirudi. Baba na mwana wakabaki wa kuulizana habari za ng'ombe na bei ya chai, basi.

La pili ni jambo la zamani zaidi. Mzee wa Kisii haingii nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Ndiyo ensoni, ile heshima iliyochanganyika na haya, na hakuna aliyewahi kuiandika mahali popote kwa sababu hakuna aliyewahi kuisahau. Unafika uani, unapewa kiti chini ya mti, unaletewa chai, unashukuru. Kizingiti ni cha mwanao.

"Mama," Nyangate alianza, akitafuta maneno, "unajua hii maneno ya kiongozi... Ni yeye hulaza Mtoto kwa mkono yake. Na kwako..."

"Cleophas aliniambia," Pam alisema. Mtoto wake mchanga alikuwa amelala mgongoni. "Ati ni mila. Mimi nimelelewa estate, mjini, mila nyingi sijui. Lakini nauliza tu. Mila gani inaruhusu mtu atengeneze mlango, halafu inamkataza kupita hapo? Huyu Tata, huyu baba yetu, hajawahi kuingia kwangu hata siku moja. Hata nilipojifungua. Nikasema labda hanitaki. Sasa kesho akuje na Yesu, tuone kama atabaki nje."

Hakusema kwa ufidhuli. Alisema huku machozi yakimlengalenga, na hilo ndilo lililomkata Onyiego maini. Mwishowe alisema, "Tutakuja," na papo hapo akajua kwamba ameahidi jambo asilojua atalitimizaje.

Na huo mlango, msomaji, ndio uliokuwa kicheko cha Ekerenyo.

Cleophas alipojenga, aliishiwa pesa kabla ya kununua mlango, yeye na mkewe wakalala wiki kadhaa wakiwa wameegesha bati. Onyiego aliliona bati hilo kila akipita kwenda dukani, na kila akiliona moyo ulimwuma. Akachagua mbao za msaipresi alizokuwa amezikausha darini tangu Mong'ina akiwa hai. Akazipiga randa hadi zikateleza, akaziunga kwa ndimi bila kutegemea misumari, akachonga msalaba mdogo katikati ambao huuoni usipopapasa. Hakujua kuomba msamaha kwa mdomo, kwa hiyo aliuomba kwa randa. Akangoja siku Cleophas na Pam wameenda sokoni Nyaramba, akaubeba mgongoni, akautia.

Tatizo ni kwamba mlango wa nyumba hufunguka kwa ndani, na anayeutia husimama ndani. Nyumba ilikuwa imeshalaliwa. Ilikuwa ya mwanawe. Basi seremala aliyetia milango nusu ya vilima vile aliutia huu akiwa amesimama nje, bawaba zikakaa nje, na mlango ukafunguka kwa nje. Watu walipouona walishika mbavu. Mlango wa choo, walisema. Mzee amezeeka, walisema. Cleophas hakucheka. Hakushukuru pia. Aliufungua, akaufunga, akaingia kulala.

Asubuhi ya siku ya tisa Onyiego alikuwa karakanani akipiga randa ubao ambao haukuhitaji randa. Jirani yake Jethro, Msabato wa kutoka tumboni, alikaa juu ya rundo la maranda akitafuna muwa.

"Nyinyi na sikukuu zenu," Jethro alisema. "Biblia haijasema popote tarehe ya hiyo kitu. Sasa ona imekuletea shida."

"Jioni utakuja kula chapati ama hutakuja?"

"Chapati haina dhehebu." Jethro alitema kapi la muwa, kisha akaacha utani. "Mpe mtu mwingine hiyo kikapu, Onyiego. Nyangate anaweza. Wewe simama nje, imba huko nje. Hakuna mtu atakulaumu."

"Hakuna, ila mmoja," Onyiego alisema. "Nikibaki nje, Cleophas atasema, baba yangu amepata kisababu. Alinikataa kaburini, na leo amenikataa mlangoni."

"Basi ingia."

"Nikiingia nitakuwa nimemvua nguo. Atatembeaje huku nje? Na mimi nitamwangaliaje mke wake?" Aliweka randa chini. "Nimemwomba Mungu huyu kijana arudi. Nimeomba hadi magoti yakaota sugu. Sasa amekubali watu wa sala waje kwake, na mimi ndio kizuizi. Naogopa, Jethro. Nakuambia kweli, naogopa."

Jethro aliutazama muwa wake, akauweka kando.

Alasiri mvua ilipungua, jua likatoka, na migomba ikawa inang'aa. Jumuiya ikateremka kutoka kwa Nyangate ikiimba, kayamba mbele, watoto nyuma, Onyiego katikati na kikapu chake. Pam alikuwa amefagia uani, akapanga mabenchi mawili kando ya ukuta na kupamba njia kwa matawi ya msaipresi. Mlango ulikuwa wazi, umeegemea ukuta kwa nje. Ndani, kupitia uwazi ule, watu waliona vitambaa vyeupe vya makochi na hori la majani ya migomba limewekwa juu ya kitu kilichofunikwa shuka. Pam alisimama kando yake. Kwenye kona ya giza, mikono mifukoni, alisimama Cleophas.

Wimbo ukafika mlangoni ukakwama. Waliokuwa mbele walisimama, wa nyuma wakawagonga, kayamba ikalegea, ikanyamaza.

Onyiego aliangalia kizingiti. Ulikuwa ubao mmoja tu wa mkaratusi, alioukata mwenyewe. Hata mtoto anayejifunza kutembea angeuvuka.

"Kiongozi," Nyangate alinong'ona, akinyoosha mikono, "lete nimlaze mimi. Mungu anaelewa."

Mikono ya mzee ilianza kumpa. Hapo ndipo alipoinua macho, akakutana na ya Cleophas. Kijana alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeona alichokitarajia, akageuka kuelekea chumba cha nyuma.

Alikuwa akiondoka. Baba yake aliona mgongo wake, mgongo uleule aliouona ukitoka makaburini.

"Nyangate, nishikie Mtoto," Onyiego alisema. "Usimlaze. Nishikie tu."

Akatoa bisibisi mfukoni. Akaokota jiwe. Akasogea kwenye mlango uliokuwa umeegemea ukuta, akaweka ncha ya bisibisi chini ya pini ya bawaba ya juu, akagonga. Pini ikaruka ikaanguka kwenye matope. Watu wakatazamana. Mlango unaofunguka kwa ndani huwezi kuuchomoa ukiwa uani. Huu, bawaba zake zote zilikuwa pale nje, mbele ya macho yake.

"Mzee amepagawa," mtu alisema.

"Nyamaza wewe," Jethro alisema. "Mimi naanza kuona."

Pini ya chini ilikuwa imeshika kutu. Onyiego alipiga magoti kwenye matope na koti lake la kanisani, akagonga, akagonga tena, na mlango ukaanza kumlemea begani.

"Cleophas!" aliita. Hakuwa ameliita jina hilo kwa sauti tangu siku ya kaburi. "Cleophas, kuja ushike! Unaniangukia!"

Kisha hatua za haraka zikasikika ndani, na kijana akatokea, akavuka kizingiti, akaukamata mlango kwa mikono miwili juu ya kichwa cha baba yake.

"Nimeshika, Tata. Gonga."

Onyiego akagonga, na pini ikatoka.

Wakaubeba wote wawili, baba akirudi kinyumenyume na mwana akimfuata, hadi katikati ya uani. Jethro, ambaye sikukuu hii haikumhusu hata chembe, alikuwa ameshavuta mabenchi. Mlango ukalala juu ya mabenchi kama meza, na msalaba mdogo uliokuwa umejificha katikati ukashika jua.

Onyiego aligeukia uwazi uliobaki kwenye ukuta. Alizungumza na mkaza mwanawe bila kumkazia macho, kama inavyopasa.

"Mama, siwezi kuingia kwako. Si kwa sababu sikutaki. Ninakuheshimu, wewe na bwana yako, na hiyo ndiyo heshima niliyofundishwa, sina nyingine. Lakini huyu Mtoto hata siku ile hakupata nafasi ndani ya nyumba za watu. Alizaliwa nje, kwa ng'ombe. Lete hori hapa. Leo uani kwako ndio Bethlehemu."

Pam alijifunika uso kwa viganja. Alipoufunua alikuwa analia na kucheka. "Tata," alisema, "kumbe mlango haukuwa na makosa!" Na vigelegele vikapasuka, wanawake wa jumuiya wakakimbilia ndani kusaidia, maana wao ensoni ile haikuwahusu.

Pam alitoka na hori. Cleophas alimfuata na kile kilichokuwa chini ya hori, na kwa vile mikono ilikuwa imejaa, shuka likateleza likaanguka. Kilikuwa kigoda. Kigoda cha miguu mitatu, cha mti mweusi, mguu mmoja umetiwa kiraka.

Onyiego alikitambua kabla hakijafika. Ndicho kitu cha kwanza alichomtengenezea Mong'ina walipooana. Kilipotea siku ya mazishi, na miaka yote hiyo alidhani mtu alikichoma kuni.

"Nilikichukua mimi," Cleophas alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kitu kingine."

Mzee alisahau jumuiya, akasahau kikapu. "Maneno niliyokuambia kaburini," alisema, "nayafuta. Yote. Wewe ni mtoto wangu. Hata usipomwamini Mungu hadi nife, wewe ni mtoto wangu."

Cleophas alikiweka kigoda juu ya mlango, akaweka hori juu yake, akasimama hapo hapo kando ya baba yake. Nyangate akaleta kikapu, na Onyiego, kwa mikono yake mwenyewe yenye matope, akamlaza Mtoto.

Wakasali. Ulipofika wakati wa maombi, Onyiego akauliza, kama alivyouliza kila siku ya noveni, kama kuna mwenye nia ya kuombea. Kuku alipita chini ya mlango ule uliogeuka altare.

"Mimi niko na moja," Cleophas alisema. Aligusa mguu wa kigoda, ule wenye kiraka. "Kwa ajili ya mama. Na huyu mzee. Na... kama mimi bado nasikika huko juu. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie!" jumuiya ilijibu, na nasema kweli, lile jibu lilivuka bonde. Wachumaji wa chai waliokuwa ng'ambo waliinua vichwa. Kayamba ikarudi, ngoma ikaingia, Pam akamshusha mtoto mgongoni akamwinua juu, na uani pale pakatetema. Jethro alipiga makofi, kisha akaangalia kando kama hakuna Msabato mwenzake anayemwona.

Walipomaliza chapati na samaki waliopikwa kwa mtindo wa ziwani, jua lilikuwa linazama, na Mtoto alitakiwa kanisani. Onyiego alizichukua pini mbili, akazipangusa kwa koti, akaanza kuukunjua mgongo ili aurudishe mlango.

"Acha, Tata," Cleophas alisema. "Tutautia tukitoka misa. Mimi na wewe."

"Na nyumba itabaki wazi hivi?"

"Mimi nitalinda," Jethro alisema, akijiketisha kwenye kizingiti na sahani. "Mkesha wenu si wangu. Nendeni."

Cleophas akanyoosha mikono, na Nyangate, bila kuuliza mtu, akampa kikapu. Maandamano yakapanda kilima kwa nyimbo, yeye mbele, baba yake nyuma ya bega lake akiwa na zile pini mfukoni zikigongana na bisibisi. Penye kona, Onyiego aligeuka mara moja. Pale chini mlango wake ulilala uani na kigoda juu yake, na kutoka kwenye uwazi usio na kitu mwanga wa taa ulikuwa unamwagika nje, ukapita juu ya kizingiti, ukafika hadi njiani.