Anti Farhat katika Nyumba ya Madada

Mkutano wa kwanza wa mwaka wa masomo ulifanyika Jumanne jioni, sebuleni. Wasichana wengine walikaa kwenye makochi na wengine zuliani, na Farhat Virani alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango wa jikoni. Walipofika kwenye suala la baridi aliinua mkono, akapewa nafasi, akasema kwamba dirisha la ngazini halifungi vizuri, na kwamba kabla ya kuongeza moto wa hita ingefaa kwanza walizibe lile pengo.

Maneno yakatoka kinywani mwa Gail.

Gail alikuwa zuliani, mkono umo ndani ya pakiti ya krispi. Aliacha kutafuna, akayasema yote mpaka mwisho kwa lafudhi yake ya Mississauga, Kanada, kisha akaendelea kula. Mwenyekiti, msichana mrefu wa mwaka wa nne, alisema hilo ni wazo zuri sana, Gail. Walipiga kura, likapita. Farhat akafunga mdomo wake, ambao muda wote huo ulikuwa ukicheza bila sauti.

"Samahani, mimi ndiye niliyesema," alisema Farhat.

"Samahani, mimi ndiye niliyesema," alisema Gail.

"Tumekusikia, Gail," mwenyekiti alijibu. "Tuendelee."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chama cha wasichana wa chuo kikuu, kimoja kati ya vile vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, ambavyo wanachama wake huapa kuwa madada hadi kufa. Farhat alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa Tabora, akaolewa Dar es Salaam, akahamia Kanada na mumewe Kazim, akalea binti, akasoma miaka miwili katika chuo kidogo cha Brampton, kisha akahamishia masomo yake mjini Toronto, akaingia mwaka wa tatu. Wenzake walikuwa wamekwisha kujuana zamani. Alipoingia darasani walikaa kimya wakidhani ni mwalimu, na walipogundua siye, wakarudi kwenye soga zao.

Dada yake wa pekee, Rehmat, alifariki Tabora mwaka ule ndege zilipokuwa haziruki, na Farhat alimzika kwa kutazama kioo cha simu. Kwa hiyo wasichana walipomsimamisha uwanjani na kumwambia, "Njoo kwetu, utapata madada," hakucheka. Hawakumwambia kwamba wanachama walikuwa wamepungua na kwamba makao makuu yalitaka kuifunga nyumba. Hilo alikuja kulijua baadaye. Walimwapisha kwa mishumaa na maua meupe, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, naye, ambaye hakuna mtu aliyemwita dada tangu msiba ule, akalia mbele yao bila haya.

Lakini hawakumwita dada. Gail alikuwa Mgoa, bibi yake mzaliwa wa Nairobi, na kwao mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina. Akamwita Anti. Kufika wiki ya pili nyumba nzima ilimwita Anti, na Anti akawa ndiye anayejua namna ya kutoa doa la mvinyo kwenye zulia, namna ya kuzibua sinki, na namna ya kupika wali wa watu wengi.

Nyumbani kwake Brampton sauti yake ilitoka vizuri. Alimweleza Kazim wakati wa chakula. Kazim alikuwa anapanga safari za malori kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege.

"Hapa unasema sawasawa," alisema Kazim.

"Hapa ndiyo."

"Basi si koo."

"Si koo."

Kazim alifikiri kidogo. "Ghalani kwetu yuko bwana mmoja wa Kisomali, naye yuko hivyo hivyo. Maneno yake humtokea msimamizi." Akaomba achari.

Binti yao, Zeena, ambaye alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema mama aachane na watu hao.

"Wewe unao marafiki," Farhat alimwambia.

Basi mambo yakaendelea hivyo msimu mzima. Farhat aliposema ratiba ya usafi haina haki, Gail alisifiwa kwa kupenda haki. Farhat alipopendekeza wafundishane kabla ya mitihani, Gail alifanywa kuwa msimamizi wa masomo. Mwezi wa Januari chumba kimoja cha ghorofani kilibaki wazi. Farhat alikuwa akisafiri saa mbili kwenda na mbili kurudi, basi na treni na basi tena, theluji ikiwa imemfika kwenye vifundo vya miguu. Alisimama akasema chumba apewe anayetoka mbali kuliko wote. Gail akayasema hayo kwa sauti safi, na hoja ikapita bila kupingwa.

Chumba akapewa Gail.

"Hoja ilikuwa yake," mwenyekiti alimweleza Farhat jikoni, kwa upole. "Na wewe Anti una nyumba yako. Una mume."

Farhat alikuwa ameshika mwiko. Aliutazama, akautazama uso wa yule msichana, akaurudisha mwiko ndani ya sufuria.

Siku ile ile Gail alimfuata barazani, amejifunga skafu shingoni.

"Anti, koo linaniuma," alisema. "Maneno yako ni mazito. Nina mtihani wa kuzungumza wiki ijayo. Huwezi kupunguza kidogo?"

"Kwa nini huwaambii ni yangu?" aliuliza Farhat, na swali likatoka kinywani mwa Gail mwenyewe.

"Niliwaambia. Mwenyekiti akasema niache kujishusha, wanawake tunajishusha mno." Gail alivuta skafu. "Baadaye nikaona, nikiendelea kubisha, nitaonekana mtu wa ajabu."

Farhat alitaka kujibu, akaona midomo ya Gail inaanza kufunguka, akaacha.

Mwezi wa nne ikafika karamu ya mwaka. Walikodi ukumbi, wakaalika madada wa zamani, wanawake wenye mvi na mikufu ya lulu, na wazazi na mabibi. Farhat aliombwa apike biriani, "chakula cha kwenu," akapika tangu alfajiri. Kiti chake kilikuwa meza ya mwisho, pale wahudumu wanapopita. Kutoka hapo alisikia jina la Gail likitajwa kwa tuzo ya uongozi, na mwenyekiti akisoma sababu moja baada ya nyingine: dirisha, usafi, masomo, chumba.

Farhat akasimama. Hakuna aliyegeuka. Akasema kwa Kiswahili, kwa nguvu zote alizokuwa nazo kifuani, na pale jukwaani Gail, ameshika tuzo ya kioo, akafungua mdomo.

"Nilikuja kwenu kutafuta dada, mkanipa sufuria. Mnaniita Anti ili msinipe kiti. Mmekula chakula changu, mkala na maneno yangu, na hamkusema hata asante. Mmeninyang'anya chumba kwa hoja yangu mwenyewe. Jina langu ndilo lililowaokoa msifungiwe, na hakuna kati yenu anayeweza kulitamka. Mimi si jiko. Mimi si mama yenu. Nina hasira mpaka meno yananiuma, na hasira hiyo ni yangu, msiipigie makofi."

Walipiga makofi. Walianza wale wa mbele, kisha ukumbi wote ukasimama. Dada mmoja wa zamani alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza, akisema hajapata kumsikia kijana akijivunia asili yake namna ile. Gail, ambaye alielewa Kiswahili cha bibi yake ingawa hakukisema, alikuwa amepauka. Alitazama meza ya mwisho. Makofi yakazidi, damu ikamrudi usoni, akainamisha kichwa na kusema asante kwa sauti yake mwenyewe.

Bibi yake, Noreen, alimkuta Farhat kwenye ujia wa kwenda maliwatoni. Alikuwa mwanamke mdogo, amevaa gauni la kijani, anatembea kwa fimbo.

"Yale yalikuwa yako," alisema kwa Kiswahili cha Nairobi ya zamani. "Gail wetu hajui kusema vile."

"Ni yangu," alijibu Farhat, na sauti yake ikatoka, kwa sababu Noreen hakuwa wa ile nyumba.

"Nilijua. Nimesikia yote, neno kwa neno. Na ni kweli."

"Basi rudi ndani uwaambie, mama. Wewe watakusikia."

Noreen akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa vya joto. "Wewe ni mtu mzima, umeshapitia mengi. Yule ni mtoto, ndiyo kwanza anaanza. Usimharibie." Akamsifu kwa biriani, akasema nyama ilikuwa laini mno.

Farhat akauvuta mkono wake. Akaingia maliwatoni, akafungua bomba, akapiga ukuta teke mpaka kiatu kikapasuka.

Jumanne iliyofuata alikwenda mkutanoni na koti lake mwilini. Hakungoja kupewa nafasi.

"Ninajitoa," alisema. "Kuanzia leo, mimi si wa hapa."

"Ninajitoa," alisema Gail. "Kuanzia leo, mimi si wa hapa."

Wasichana wakamrukia Gail, wakamkumbatia, wakalia. Wakamuuliza ni nani amemuumiza. Wakamuuliza wamemkosea nini, na kwa muda gani amekuwa akiteseka peke yake, na kwa nini hawakuona. Mwenyekiti alipiga magoti mbele yake, akamwambia bila yeye hii si nyumba. Kila kitu ambacho Farhat alitamani kuulizwa, aliulizwa Gail, na kwa mapenzi ya kweli. Gail akajifuta pua, akasema amechoka tu, akasema anabaki. Wakapiga vigelegele.

Farhat aliwapita kwa kubana ukutani. Mmoja alimpapasa begani bila kugeuka. "Tutaonana Ijumaa, Anti," alisema. "Usisahau chapati."

Ijumaa hakwenda, wala Jumanne. Jina lake hawakulifuta, kwa kuwa walilihitaji ili idadi yao itimie. Wiki ya pili Gail alipiga simu. Farhat alikuwa mezani kwake, kitabu kimefunguliwa, Kazim amelala kwenye kochi na soksi zake za kazi.

"Anti, mikutano imekuwa mifupi," alisema Gail. "Wananitazama, wananisubiri, nami sina la kusema. Njoo ukae tu. Si lazima upike."

Farhat alivuta pumzi mpaka chini kabisa, akasema hapana. Aliisema kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Kazim hakugeuka. Neno lilitokea upande wa pili wa simu, kwa sauti ya Gail, na nyuma yake wasichana wakauliza hapana nini, na mmoja akacheka.

"Hata sijui," Gail aliwajibu. Kisha akarudi kwenye simu. "Kwa hiyo Jumanne, Anti?"