Wimbo wa Kuingilia Nyumbani

Malachie alitolewa hospitali kwa upole, kama mgeni anayesindikizwa hadi mlangoni. Daktari alimwita Rébecca pembeni, akamwambia amrudishe mume wake nyumbani, mjini Beni, akapumzike kwake. Rébecca alilielewa neno hilo, "akapumzike". Lakini mtu aliyefunga siku tisa katika chumba cha maombi halipokei neno kama hilo kirahisi. Aliliacha pale pale kwenye korido ya hospitali ya Butembo, akaenda kufunga mizigo.

Gari lilikuwa la Ésaïe, dereva mwenzake Malachie tangu enzi za malori. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mke wake, miguu imekunjwa, maana hata ugonjwa haukuweza kumfupisha. Kabla injini haijawaka, Malachie alivuta uzi shingoni. Kwenye uzi ilining'inia flashi yake ya nyimbo.

"Ésaïe, ingiza hii."

Aliyewahi kusafiri na Malachie aliijua flashi ile. Miaka ishirini alibeba mafuta ya mawese kutoka Manguredjipa na maharagwe kutoka Kipese, na kila njia alikuwa ameipangia nyimbo zake, tangu siku za kaseti. Kulikuwa na nyimbo za tope, nzito, zisizo na haraka, kwa sababu aliyekwama hana pa kukimbilia. Kulikuwa na za kupanda mlima, na za saa nane mchana, usingizi unapoanza kumbembeleza dereva. Wa mwisho, namba thelathini na moja, ulikuwa rumba ya zamani, magita mawili yakijibizana kama majirani juu ya ua. Huo hakuupiga popote njiani. Aliupiga akiingia mtaani kwao tu, madirisha wazi, na Rébecca akiusikia huko jikoni aliweka maji ya bugali motoni. Lori likifika mlangoni, maji yanachemka. Binti yao Jemima aliujua wimbo huo kabla hajajua kuhesabu.

"Hapana, Ésaïe," Rébecca alisema. "Weka ya kwangu. Ya kwaya."

Malachie alifumbua jicho moja. "Mama Jemima, mpaka humu ndani ya gari iko réunion ya kanisa?"

"Nilimuahidia Mungu, papa. Unajua."

Alijua. Siku ya tisa ya kufunga, Rébecca alikuwa amepiga magoti akaweka nadhiri: Bwana akimponya mume wake, wimbo wa dunia hautalia tena masikioni mwao. Na nadhiri, alivyofundishwa, huanza kutimizwa kabla muujiza haujafika, si baada yake.

Wakatoka Butembo kwa tenzi, vumbi likiwafuata. Kwenye mlima wa kwanza Malachie alikohoa, akasema, "Hii kwaya yenu inapanda mulima na gia ya première. Na ule papa wa sauti ya chini iko na malaria. Mumupe kinini."

Ésaïe alicheka mpaka gari likayumba. Rébecca naye alicheka, kisha akatubu kimoyomoyo.

Walipofika Maboya sauti ya Malachie ilikuwa imepungua. "Rébé," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu Jemima azaliwe. "Weka ile ya kuingilia."

"Bado hatujaingia, papa."

"Miye niko naingia."

Mkono wa Rébecca ulielekea kwenye uzi ule, ukasimama katikati. Alijiona kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani: siku tisa za njaa na machozi, ndoo imekaribia mdomo wa kisima, na sasa mtu anamwambia, legeza kamba kidogo tu. Akiilegeza, ni yeye atakayekuwa amemuua.

"Vumilia," alimwambia. "Tuvuke kwanza ule msitu wa mbele ya Kabasha. Tukivuka tu, nitaiweka. Kweli ya Mungu."

Alishtuka kusikia alichokiahidi. Malachie alitabasamu kidogo, kama dereva aliyeambiwa daraja limebakiza kilomita chache.

Baada ya Kabasha Ésaïe alizima redio na kushusha vioo vyote. Hiyo ni sheria ya madereva wa njia ile, haijaandikwa popote. Pale ambapo magari yamewahi kuviziwa, hakuna kwaya wala rumba, na hakuna anayeongea. Dereva anasikiliza msitu, na abiria wanamsaidia kusikiliza.

Katika ukimya huo vidole vya Malachie vilianza kugonga kwenye kifundo cha mkono wa mke wake. Mwanzoni alidhani ni mtetemeko wa homa. Kisha akatambua gita la kwanza linavyoingia, likingoja, na la pili linavyojibu. Ilikuwa namba thelathini na moja, kuanzia mwanzo, bila kuruka kitu.

Rébecca aliomba bila kufungua mdomo: Bwana, hii si redio. Hivi ni vidole tu.

Gita la kwanza likauliza. Rébecca akasubiri jibu. Gari likapita kichaka cha mianzi, likapita lori lililoungua na kuota majani, likapita mama mmoja na mzigo wa kuni aliyekuwa akitembea upesi bila kugeuka. Jibu halikuja. Vidole vilikuwa bado juu ya mkono wake, vimetulia. Alitaka kuliita jina lake, lakini hapo ndipo mahali pasiposemwa neno. Akakaa nalo mdomoni.

Msitu ulipoachia, Ésaïe alishusha pumzi. "Tumepita. Asante Yesu. Haya mama, namba ngapi?"

Ésaïe alitazama kwenye kioo, akatazama tena.

"Eh, Nyamuhanga," alisema taratibu, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Baadaye akasema, "Mama, usilie sasa. Nakuomba. Mbele iko barrière ya basoda. Bakijua tunabeba maiti, batauliza makaratasi yenye hatuna, tutabaki pale na yeye mpaka kesho. Mufunike blanketi mpaka ku kidevu, kama mutu mwenye analala." Alichomoa flashi ya kwaya. "Na hizi tenzi, na yale macho yako, hapana. Batajua. Nipe yake."

Rébecca alifungua uzi shingoni mwa mume wake. Fundo lilikuwa gumu, ikabidi atumie jino. Namba aliitaja mwenyewe.

Magita yakaingia. Kwenye kizuizi askari aliinamisha kichwa dirishani, uso ukafunguka. "Eh! Oyo nde nzembo!" alisema kwa Kilingala, kwamba huo ndio wimbo, akipiga paa la gari kwa kiganja, sawa kabisa na mdundo. Akaona blanketi. "Papa alali?"

"Alali," Ésaïe akajibu.

"Basi hapana kumuamsha. Mwende."

Rébecca alijaribu kuomba. Maneno yalifika kooni yakakuta wimbo umejaa, yakarudi. Hakujua tena yeye amemkosea nani: Mungu kwa kuuruhusu wimbo huu sasa, au mume kwa kuuzuia alipokuwa bado ana masikio.

Redio ya Ésaïe ina tabia yake. Ukichagua namba, inairudia hiyo hiyo mpaka uizime. Na Ésaïe hakukumbuka kuizima. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania usukani. Ndivyo walivyoingia Beni, ndivyo walivyokata kona ya mtaani kwao, madirisha bado wazi, gita moja likiuliza na jingine likijibu.

Rébecca aligundua kwamba wimbo bado unalia alipoona moshi ukiamka juu ya paa la jiko lake.

"Ésaïe, zima!"

Alichelewa. Jemima alikuwa ametoka mbio uani, mikono imejaa unga hadi viwikoni, akicheka na kulia pamoja. "Papa amepona! Papa, maji iko moto tayari!"

Na kwa mazoea ya maisha yake yote akakimbilia mlango wa dereva, akaufungua.