Moja Moja kwa Kiberenge

Walimwita Kiberenge, kama kile kigari cha reli, kwa sababu hakuwa na breki. Alikuwa na miaka saba, na bibi yake aliapa kwamba ukaidi ule aliurithi kwa marehemu babu.

"Vua viatu, panda mizani, halafu njoo ukae kwenye kiti hiki," daktari wa watoto alimwambia asubuhi moja kliniki.

Kiberenge alivua viatu. Akavipandisha kwenye mizani. Kisha akakaa sakafuni kusubiri vipimwe.

Bibi alishika kiuno. "Si unamwona, Dokta? Makusudi hayo!"

Daktari alicheka mpaka miwani ikamteleza. Alimpa mtoto vibao vya kupanga, akamgeukia mama wa mtoto, msusi wa nywele. Baada ya vipimo na maswali mengi, akamuuliza kwa upole kama alikunywa pombe wakati wa ujauzito.

Mama alitazama mikono yake. "Nilikunywa. Mwanzoni sikujua kama nina mimba. Nilipojua, kuacha kulinishinda. Sasa nimeacha, Dokta. Kabisa."

"Hongera. Na asante kwa kuniambia, maana sasa najua pa kuanzia."

Alieleza kwamba pombe iliathiri ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Ukimtuma mambo matatu kwa mpigo, mawili yanampotea njiani. "Si mkaidi huyu. Mpeni jambo moja, akimaliza, lingine. Mchoreeni picha ukutani. Kelele zikimzidi, mtoeni pembeni apumue. Nami nitakuwa namwona kila mwezi."

"Kumbe tumemgombeza bure," bibi alisema, akamshika binti yake mkono.

Nyumbani, bibi mwenyewe alijitwika kazi ya kuchora: mswaki, sare, soksi, begi. Begi lilitoka kama sufuria, Kiberenge akacheka hadi kwikwi. Siku za mwanzo zilikuwa vurugu tupu. Kuna asubuhi alivaa soksi nne. Mama alivuta pumzi, akamwonyesha picha moja, kisha nyingine.

Mpaka siku moja, mama akiwa anamsuka mteja barazani, Kiberenge akatokea amevaa sare, begi mgongoni.

"Mama, nimemaliza zote, peke yangu! Ila bibi hajapiga mswaki."

Mteja aliangua kicheko. Mama aliachia msuko ukafumuka, akamkumbatia mwanawe.

"Haya, naenda, mkubwa wangu," bibi akaitikia kutoka ndani. "Usinisemee mbele za watu!"