Mikono Iliyobaki Mkonze

Asubuhi, nyumbani kwao Mkonze, Emilia alimgeuza mama yake ubavu wa kushoto, akamwekea mto katikati ya magoti, akaanza kumpaka mafuta kando ya kidonda cha mgongoni. Alipotaka kwenda kazini, mikono ilikataa kumwachia mama. Akajivuta. Mikono ikachomoka mabegani bila damu, ikaendelea kupaka mafuta. Basi akaiacha. Angefanyaje? Mtu asiyeinuka kitandani lazima ageuzwe, na kaka yake Daudi, aliyeko Kondoa, alishasema hiyo ni kazi ya kitinda mimba.

Jirani yake, Mwantum, alimfunga vifungo vya blauzi na kumtundikia pochi shingoni.

"Afadhali yako, shoga. Mimi nilipomuuguza mama mkwe ilibaki miguu. Nilikaa ndani mpaka tukamzika."

Emilia alikuwa karani katika ofisi ya serikali inayogawa fedha za utafiti. Mlangoni, mashine ya vidole haikumtambua, ikamwandika mtoro. Ofisa utumishi alimwonya kwa upole kwamba utoro ukizidi atafukuzwa.

"Jitahidi kesho uje na vidole, dada."

Siku hiyo kamati ilikuwa inapitia maombi, Emilia akiwa ameketi pembeni. La mwisho lilikuwa la Ritha, mwalimu wa wauguzi. Alitaka kuchunguza jinsi wazee walio kitandani wanavyotunzwa majumbani, na jinsi wanaowatunza wanavyoweza kusaidiwa. Likipita, wauguzi wake wangeanzia Mkonze, wapokezane na Emilia, naye apate mikono yake na kazi isimponyoke. Jamani, aliomba Mungu huyo Emilia! Aliomba moyoni tu, viganja vya kukutanisha hakuwa navyo.

Ritha alieleza vizuri. Mwenyekiti, Mzee Respicius, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, sisi si Wazungu. Mzazi hatupwi. Sasa tatizo liko wapi?"

"Limekaa hapo, mzee," Ritha alisema, akimwonyesha Emilia kwa kidevu.

Wajumbe wakageuka. Mikono ya blauzi ilikuwa inaning'inia mitupu.

"Mikono yako iko wapi, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Nyumbani, mzee. Inamgeuza mama."

Uso wa mzee ukachanua. "Mmesikia? Huo ndio utamaduni wetu! Mgonjwa ana mikono kutwa kucha, haiombi mshahara, hailalamiki. Tukachunguze nini tena?"

Wajumbe walipiga makofi. Ritha akaambiwa arudi mwaka ujao na kitu chenye tatizo. Emilia alitaka kusema neno, kilio kikamtangulia. Ritha alimfuta machozi, Emilia akamsindikiza mpaka getini.

Jioni Mwantum alimfungulia mlango. Chumba kilikuwa safi, shuka zimebadilishwa. Mkono mmoja ulikuwa umekiinua kichwa cha mama, mwingine unamnywesha uji wa uwele kwa kijiko, taratibu, asipaliwe.

"Shikamoo, mama."

Mama alimeza kwanza, kisha akamtazama mtu aliyesimama mlangoni.

"Marahaba. Karibu, mgeni," alisema. "Kaa hapo kidogo. Mwanangu Emilia ananilisha, akimaliza atakusikiliza."

Emilia akakaa kwenye kigoda cha wageni.