Tuzo ya Utii kwa Maandishi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, watu wanne walikaa kuizunguka meza moja ndani ya studio ya redio isiyo na dirisha, wakagawa tuzo kwa upuuzi wa wiki. Kipindi kiliitwa Birika la Dhahabu, kwa sababu tuzo yenyewe ilikuwa birika kuukuu lililopakwa rangi ya dhahabu. Alishatunukiwa diwani aliyezindua choo kilekile mara mbili, akatunukiwa kinyozi aliyesinzia na wembe mkononi. Wasikilizaji walicheka mpaka wakashika mbavu, na aliyewachekesha kuliko wote ni mmoja waliyemwita Domokaya. Jina alipewa kwa utani, naye akalipenda.

Wiki moja Domokaya alifika mikono mitupu. Alikuwa amepekua magazeti, amesikiliza porojo za foleni ya mkate, asiambulie kitu. Zamu yake ilipokaribia, jasho likaanza kumtiririka. Ndipo kikamjia kisa cha dada yake.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani. Mama yao alipougua, yeye ndiye aliyetolewa shule akiwa darasa la pili ili alee mdogo wake, na mdogo mwenyewe ndiye huyu Domokaya. Sasa, na miaka yake hamsini na miwili, alikuwa amejiandikisha darasa la watu wazima, jioni tatu kwa wiki. Waliojua ni mumewe na mdogo wake tu. Siku chache nyuma alikuwa amemsimulia Domokaya, huku akifuta machozi ya kicheko, jinsi alivyokwenda benki akaona neno mlangoni, akalisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Mlango uliandikwa VUTA. Yeye akasoma VUA. Basi akavua viatu vyake vya kijani, akavibana kwapani, akaingia pekupeku, mpaka mlinzi akamuuliza kama kulikuwa na msiba.

"Herufi moja tu ilinikimbia," alisema, uso umemng'aa. "Tatu nilizikamata." Kisha akamwonya kwamba hayo ni yao wawili.

Domokaya akakitoa hewani. Alikitungia tuzo papo hapo, Tuzo ya Utii kwa Maandishi, akaipeleka kwa fundi cherehani mmoja anayemfahamu. Jina hakutaja. Lakini viatu vya kijani alivitaja, na pekupeku akaiongezea chumvi. Mtangazaji alicheka hadi akaponyoka kitini. Jirani yake mezani akasema ni bahati mlango haukudai zaidi ya viatu, na Domokaya akacheka na hilo pia, tena kwa sauti.

Jumanne shemeji yake akampigia simu. Alizungumza polepole, bila ukali. Mtaa mzima ulivijua vile viatu. Asubuhi ya Jumatatu mtu alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa duka la mkewe la kushonea, imeandikwa VUA. Mkewe alisimama mbele ya karatasi hiyo akaisoma, safari hii bila kukosea, akaibandua, akaingia kazini. Jioni hakwenda darasani.

"Hajasema neno," shemeji alisema. "Ndiyo maana nimekupigia."

Domokaya alijitetea moyoni kwamba hakumtaja mtu. Akajiambia watu husahau. Hata hivyo ilimchukua wiki mbili kupata miguu ya kumfikisha dukani.

Alimkuta dada yake akishona zipu. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima: atamwomba radhi hewani, kwenye kipindi kilekile, nchi nzima isikie. Dada alimwacha amalize, akakata uzi kwa meno.

"Ulinicheka mbele za watu," akasema. "Usije ukanililia mbele za watu."

Halafu akamuuliza kama amekula. Domokaya angependa zaidi atukanwe.

Mwisho wa mwaka wasikilizaji walipiga kura kuchagua tuzo iliyowachekesha kuliko zote. Ikashinda ile ya viatu. Domokaya alimsihi mtayarishaji aiondoe, naye, mama mpole asiyependa ugomvi, akamjibu kwamba matokeo yalikwisha tangazwa. Jumamosi ikafika, birika likasukumwa mbele yake.

"Silitaki," alisema kwenye kipaza sauti. "Kisa kile hakikuwa changu kukisema."

Mtangazaji akaangua kicheko, akatangaza tuzo mpya kwa anayekataa tuzo, na wenzake wakapiga meza. Kadiri alivyozidi kusema hatanii ndivyo walivyozidi kucheka. Ili wamwelewe ingembidi amtaje dada yake, na hilo alikwisha katazwa. Akafunga mdomo. Simu za wasikilizaji zikamiminika kumsifu. Jumatatu alipoacha kazi, mtayarishaji alidhani amenyakuliwa na redio nyingine.

Dada alirudi darasani, lakini si kwa ajili yake. Mwalimu ndiye aliyekwenda dukani na suruali ya kupunguza kiuno, akagoma kuondoka mpaka apewe siku mbili: ya kuichukua suruali, na ya mwanafunzi wake kurudi. Domokaya alikuja kuyasikia kwa shemeji.

Naye aliendelea kumtembelea dada yake kila Jumapili. Alipokewa vizuri, akaandaliwa kiti, akaulizwa habari za wanawe. Siku moja shemeji alimnong'oneza uani kwamba dada amesoma barua nzima kutoka kwa binti yao, kurasa mbili, na amechekesha nyumba kwa mahali alipokosea. Domokaya akamuuliza alikosea wapi. Shemeji akatazama pembeni, akamwambia akamuulize mwenyewe.

Akarudi ndani.

"Nasikia umesoma barua, dada."

"Nilisoma," akajibu, mguu juu ya kanyagio la cherehani.

Domokaya akakaa akingoja sehemu iliyobaki. Dada aliugeuza upindo wa shati, akaunyoosha kwa kidole gumba, akaendelea kushona.