Benchi la Dirishani

Darasa la pili lilikuwa na vitabu vinne vya kusoma, na kimoja kilikuwa kimeliwa na mchwa. Watoto waliokosa benchi walikaa sakafuni, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu Elinipa, aliyehamishiwa Ujiji kutoka Upare, alifundisha muhula mzima kabla ya kugundua kwamba wengi walikuwa wakimwitikia tu, bila kuelewa kitu.

Akawagawa. Waliojua kusoma walipewa vitabu. Wasiojua herufi waliandika kwa vidole kwenye mchanga aliousomba mwenyewe ziwani. Na wale ambao Kiswahili kilikuwa kigeni kwao, Waha wa kutoka vijijini pamoja na Warundi waliokimbia vita, aliwakalisha benchi la dirishani. Hao alianza nao na maneno ya kwao.

"Amazi," walisema.

"Maji," aliwajibu.

Rozalia, binti wa Kirundi aliyelelewa na shangazi yake mtaa wa Rusimbi, alikuja shuleni akiwa kama bubu. Kufikia Pasaka alikuwa akisoma sentensi nzima. Siku ya kwanza alipomaliza sentensi bila kukwama alicheka hadi akajificha chini ya benchi.

Mwalimu mkuu, Benedict, hakuupenda mpango ule. "Unatengeneza madarasa matatu ndani ya moja," alisema. "Wakija wakaguzi nitawaambia nini?"

Wakaguzi hawakuja. Lilikuja lori.

Ilikuwa 1997, na amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi wote walioishi mitaani warudishwe kambini. Mwalimu mkuu aliingia darasani na ofisa na mgambo wawili.

"Mwalimu, tuonyeshe Warundi," ofisa alisema.

"Hapa kuna wanafunzi, mzee."

Ofisa alitabasamu. Mwalimu mkuu hakumtazama Elinipa; alinyoosha mkono kuelekea dirishani. "Si umeshawatenga mwenyewe? Wale pale."

"Pale wamechanganyika! Kuna Waha pale!"

"Tutajua sasa hivi." Ofisa alichota kikombe kwenye ndoo ya darasa, akamwinamia Dismasi, Muha, mtoto wa muuza mihogo. "Hii nini, kijana?"

Dismasi alimtazama mwalimu wake. Alilijua neno la Kiswahili. Jana tu alikuwa amelisema. Lakini ofisa alikuwa amemshika sikio.

"Amazi," alinong'ona.

"Huyo." Maji ya kikombeni akayamwaga sakafuni.

Elinipa alisimama mlangoni. Mgambo mmoja alimsukuma kwa kiwiko, akaangukia benchi. Rozalia hakulia. Alipokuwa akipandishwa kwenye lori alisoma kwa sauti, polepole, maneno yaliyoandikwa ubavuni, akamgeukia mwalimu wake kuona kama amepatia.

Jioni Agnesi, mama yake Dismasi, alikuja na sinia la mihogo bado kichwani.

"Shikamoo, mwalimu. Mwanangu yuko wapi?"

Elinipa alimweleza. Kama wangeenda wote wawili kwa ofisa, alisema, huenda wangesikilizwa. Agnesi alitua sinia.

"Mimi nimezaliwa Kasulu. Baba yake kazaliwa Kasulu. Sote twasema amazi. Ni wewe uliyemkalisha pale?"

"Ni mimi."

Agnesi akalibeba sinia lake akaondoka kuelekea barabara ya kambini, peke yake. Elinipa alipomfuata, alimkataza kwa mkono, bila kugeuka.

Jumatatu benchi la dirishani lilikuwa tupu. Waha wachache waliosalia walikuwa wamejibana katikati ya wasomaji. Elinipa aliwasihi kwa Kiha chake kibovu warudi. Hakuna aliyeinuka. Wote wakasoma ukurasa mmoja, kwa sauti moja.

Brigita, aliyefika mwezi uliopita kutoka kijijini, alikuwa amebana mapaja, macho yakizunguka. Kuomba ruhusa kwa Kiswahili alikuwa hajajua. Kwa Kiha hakuthubutu. Mkojo ukashuka mguuni, ukatambaa sakafuni. Wenzake walisogeza miguu bila kuacha kusoma. Naye alifungua na kufunga mdomo pamoja nao, bila sauti.

Mwalimu mkuu alipita nje, akasimama kusikiliza.

"Safi sana, mwalimu," alisema. "Sasa wanaelewa wote."