Mpira wa Mama Povu

Rula alizikuta kulabu zake bafuni kwa mama mkwe, Jumapili mchana, alipoingia kunawa mikono kabla ya kula. Zilikuwa mbili, za chuma, zimepigwa rangi ya machungwa, zimekazwa ukutani kwa skrubu nne kila moja. Ya juu ilibeba taulo. Ya chini ilibeba ndoo ndogo na dodoki. Alisimama pale, maji yakimchuruzika viwikoni, asijue acheke au anune.

Kazini walimwita Rula kwa sababu hakuachana na rula ya chuma mfukoni mwa shati, hata siku ya harusi yake. Alikuwa mchoraji katika karakana ndogo iliyounda mashine za presha za kuoshea, zile za magurudumu mawili, zenye injini na pampu, ambazo mtu huzisukuma hadi penye gari au ukuta mchafu. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kuutafutia mpira wa maji mahali pa kukaa. Jambo hilo huonekana dogo mpaka umeona mashine mpya ikiburuta mita kumi na tano za mpira matopeni kama imetumbuliwa matumbo. Rula alihangaika wiki sita, akaja na kulabu mbili nyuma ya mashine, moja juu na moja chini, mpira unazungushwa kati yake kwa umbo la namba nane. Bosi alimsifu mbele ya wenzake wote. Na mashine ya kwanza yenye kulabu hizo alimpelekea mama mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha mabasi. Wakati huo ndoa ilikuwa na miezi miwili tu.

Mezani alikaa pembeni mwa mkewe, akitafuna polepole na kulitazama kila tonge.

"Mkwe," mama mkwe akamwita, "chakula kina kasoro?"

"Hapana, mama. Kitamu sana."

"Basi mbona unakitafuna kama umeambiwa ukikague?"

Walicheka, naye akacheka nao, lakini kicheko chake hakikuvuka meno.

Njiani wakirudi nyumbani alimwuliza mkewe. Mkewe alisimama katikati ya njia, akajishika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Umeziona! Nilimwambia mama azitoe kabla hatujafika, akasahau."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Tangu mwaka jana. Anasema ni kulabu nzuri mno, hazijawahi kudondosha taulo hata siku moja."

"Hazikutengenezwa kwa ajili ya mataulo!"

Mkewe aliona uso wake, kicheko kikamwishia. Akamshika mkono. "Usikasirike. Angekwambiaje? Wewe ni mkwewe. Mtu hamwambii mkwe kwamba zawadi yake haimfai."

"Haimfai kwa nini?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi sioshi mabasi."

Jumanne Rula aliomba ruhusa ya asubuhi, akaenda hadi kwenye yadi ya mabasi. Hakuwahi kufika pale. Palikuwa na uwanja wa saruji wenye mteremko, mfereji katikati, na mabasi manne yamepangwa yakisubiri zamu. Mama mkwe alikuwa chini ya la kwanza, amevaa mabuti yaliyofika magotini na aproni ya plastiki, kichwa amekifunga kitambaa, bunduki ya maji mkononi, povu jeupe likimzunguka pande zote. Hapo hakuna aliyemwita mama wa fulani. Walimwita Mama Povu, naye aliitika.

Alipomwona mkwe wake alizima mashine upesi, akaivuta sketi aliyokuwa ameikunja kiunoni ishuke mahali pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini? Mwanangu anaumwa?"

"Hapana, mama, ni mzima kabisa. Nimekuja kuangalia mpira."

"Mpira?" Akatazama huku na huku. "Leo kuna mechi?"

"Mpira huu, mama. Wa mashine."

Mama Povu aliutazama mpira uliolala kwenye maji, kisha akamtazama mkwe wake, kisha akaitazama nyuma ya mashine, mahali palipobaki matundu manane matupu. Akaelewa. Akashusha pumzi.

"Basi kaa pale pakavu," alisema. "Utaona."

Rula alikaa juu ya kreti, akaona. Kila basi lilipokwisha, Mama Povu aliukusanya mpira kwa kuuzungusha kati ya bega na kiwiko, duara juu ya duara, mpaka ukawa mzigo mzito mweusi unaomchuruzikia maji shingoni. Akausukumia begani, akaisukuma mashine kwa mkono mmoja hadi kwenye basi lililofuata, akaubwaga chini, akaanza upya. Mkono wake wa kulia haukufunga vizuri. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na kila alipoushika mpira ilimbidi aukumbatie kwa kiganja chote. Rula alikuwa amekula naye mezani mara nyingi, na hakuwahi kuviona vidole vile. Au alikuwa ameviona, ila hakuwa amevitazama.

Dereva mmoja mnene alikuja kulichukua basi lake, akampa Rula mkono. "Wewe ndiye mkwe wa Mama Povu? Yule wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Ahaa! Wewe ndiye mwenye zile kulabu zilizomwangusha mama wa watu!"

Alisema kwa mzaha, akicheka. Hakujua anachokisema. Lakini Rula aliuachia mkono wa dereva. Mwaka uliopita mama mkwe alikuwa ameanguka, goti likavimba, mkewe akahamia kwake wiki tatu kumuuguza. Wote waliambiwa aliteleza jikoni kwake.

"Wewe!" Mama Povu alimkemea dereva. "Chukua basi lako uondoke. Mdomo huo ningekuwa na sabuni ya kutosha ningeuosha."

Dereva alipanda basi lake akijikuna kisogo, akaondoka.

"Mama," Rula alisema. "Ni kweli?"

Mama Povu alivua glavu moja, akaikamua, akaivaa tena. "Asubuhi za baridi mpira unakuwa mgumu kama mti," alisema. "Ukiuzungusha kwenye kulabu haukubali kukaa. Siku ile niligeuka tu, ukafyatuka wote, ukanizunguka miguuni. Basi. Nikaenda chini. Mtu yeyote angeanguka."

"Na ile kulabu ya chini..."

"Iko chini mno. Mgongo wangu si wa msichana. Mabasi kumi kwa siku, kila basi niiname mara ishirini?" Akatikisa kichwa. "Sikutaka ujue. Ulikuja na mashine ile umeifunga utepe mwekundu kama bibi harusi. Ulisimama mlangoni kwangu unajiuliza, huyu mama atanipenda, hatanipenda. Ningekurudishia nini? Habari za goti?"

Rula aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama," alisema.

"Nimekusamehe nini sasa? Umefanya kosa gani? Ulichora bila kuona, ndiyo yote. Inuka, uje uone."

Alimfundisha kuukusanya mpira. Rula aliyejua kipenyo chake, uzito wake na presha yake alijikuta anapigana nao kama mtu anayemvalisha paka soksi. Kila duara lilijipinda kwenda lilikotaka. Shati lilimlowa, kiatu kikaingia kwenye mfereji. Mama Povu alijizuia, akajizuia, mwishowe akapasuka kicheko. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimshika mikono. Aliviweka vidole vyake juu ya vidole vya mkwe, akavigeuza kidogo. "Usiulazimishe. Usokote nusu mzunguko, uusikie unakoelekea, ndiyo uulaze."

Mpira ukalala.

Rula alitoa rula na daftari. Alihitaji kujua urefu wa kutoka chini hadi kiwiko cha mama mkwe, upana wa kiganja, na jinsi alivyoweza kukunja vidole. Lakini mkwe ampime mama mkwe kiwiko? Walitazamana, wote wawili wakaona aibu. Mama Povu ndiye aliyepata njia. Alichukua rula, akamwamuru Rula ageuke atazame ukuta, akajipima mwenyewe, akawa anamtajia kwa sauti. Madereva waliokuwa wakipita walimkuta kijana wa watu amesimama kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, anaandika namba anazotajiwa na mama aliye nyuma yake.

Karakanani bosi hakufurahi. "Kulabu zinatosha. Hakuna mteja aliyelalamika."

"Wapo wasiolalamika, bosi," Rula alisema. "Wanazifungua tu na kuzipeleka bafuni."

Bosi hakuelewa, lakini alimruhusu atumie mashine moja ya zamani kwa majaribio.

Alitengeneza ngoma ya kuvingirishia mpira, pana, ili mpira usivunjwe mgongo. Maji yaliingilia katikati ya ekseli, kwenye kiungio kinachozunguka, hivyo mtu angeweza kuvuta mita tano akaacha kumi zimelala, na mashine ikafanya kazi vilevile. Aliiweka juu, usawa wa kiwiko cha Mama Povu, na mkono wa kuzungushia aliuvalisha mti mnene ambao kiganja kisichofunga kingeweza kuukumbatia. Akaipeleka yadi akiwa amejaa matumaini mpaka shingoni. Mama Povu alizungusha mara tatu, mashine ikayumba, ikalala ubavu. Ngoma iliyojaa mpira wenye maji ilikuwa nzito mno kukaa juu namna ile.

Rula alikaa chini kwenye saruji iliyolowa, hakujali suruali. "Nikiishusha ngoma, mama atainama. Nikiipandisha, inaanguka. Nimekwama."

Mama Povu alikuwa ameiinua mashine, anaitazama kama anavyolitazama basi lililotoka safari ya matope. Akauliza, "Baiskeli ukiiendesha, miguu yako iko kwenye gurudumu la nyuma?"

"Hapana. Iko katikati."

"Na gurudumu linazungushwa na nini?"

Rula aliinua uso.

"Uzito ukae chini," mama mkwe alisema, "mkono wangu ukae juu. Katikati tia mnyororo. Au mimi sijui, ninyi ndio mmesoma."

Rula aliruka akasimama. Alisahau heshima, alisahau mabuti na povu, akamkumbatia mama mkwe mbele ya madereva wote, kisha akakumbuka alichofanya, akamwachia kama aliyeshika pasi ya moto. Mama Povu alijitengeneza kitambaa cha kichwani. "Haya, haya," alisema, akitazama pembeni. "Nenda kabla hujasahau."

Ilichukua wiki tatu. Kiungio kilivuja, kikabadilishwa. Mnyororo uliruka kwenye gia, ukafunikwa kwa bati ili usile nguo ya mtu. Breki ndogo ikawekwa pembeni, ngoma isijifungue yenyewe mashine inaposukumwa. Bosi, aliyekuwa akipita na kuguna, siku moja alisimama, akauzungusha ule mkono, akauzungusha tena. Jioni alimkuta Rula getini akamwambia, "Chora vizuri. Tutatengeneza kumi tuone."

Mkewe aliomba naye aende siku ya kuijaribu. Walifika asubuhi, kukiwa na baridi ya kutosha kuufanya mpira mgumu, na hivyo ndivyo Rula alivyotaka. Mama Povu alimaliza basi la kwanza, akazima mashine, akasimama wima nyuma yake. Akaweka kiganja juu ya mti ule mnene. Akazungusha. Mnyororo ulinong'ona, mpira ukatambaa juu ya saruji kurudi nyumbani kwake, duara baada ya duara, na mgongo wa Mama Povu haukuinama hata kidogo. Ilipoingia ncha ya mwisho alibaki ameshika mkono ule, kana kwamba anasubiri sehemu ngumu ianze.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha, mama," alisema bintiye, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Hee!" Akajicheka mwenyewe. "Sasa mimi nitafanya nini na hizi dakika zote?"

Walikaa watatu kwenye ngazi ya basi, wakanywa chai ya chupa. Mama Povu aliwasimulia jinsi alivyoanza kazi ile kwa ndoo na brashi, mumewe marehemu akikaa juu ya paa la basi na kummwagia maji kimakosa, au kwa makusudi, hakujua mpaka leo. Rula hakuwahi kumsikia akimtaja mumewe.

Kisha wakaenda basi la pili, na safari hii Rula ndiye aliyezungusha. Mama Povu alichukua tambara, akaushika mpira kwa tambara hilo ukiwa unapita, akiufuta matope kabla haujaingia kwenye ngoma.

"Hapo naweza kuweka brashi, mama," Rula alisema. "Ijifute yenyewe, usisumbuke."

"Hapana. Hapo niachie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapo ndipo ninapousikia." Alisimamisha mpira, akamwita kwa kidole. "Weka mkono wako hapa. Unasikia? Kama kipele."

Rula alipapasa. Chini ya ngozi nyeusi ya mpira palikuwa na uvimbe mdogo, laini, usioonekana kwa macho.

"Huo utapasuka mwezi ujao," mama mkwe alisema. "Brashi yako isingeniambia. Haya, zungusha, mwanangu. Taratibu."

Rula aliandika kwenye daftari: *brashi, hapana.* Akarudi kwenye mkono wa kuzungushia, akazungusha taratibu, kama alivyoambiwa.